Helikopta ya rimoti na hewa nyepesi ya Eldoret

Eldoret, jiji tangu Agosti 2024, liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwanariadha hiyo ni neema: wakimbiaji hupiga kambi hapa na kule Iten ili miili yao izoee oksijeni haba. Kwa helikopta ya rimoti, hewa hiyo hiyo ni mzigo. Kwenye mita 2,100 uzito wa hewa ni kama asilimia 81 tu ya ule wa Mombasa, lakini chombo chenyewe hakipungui hata gramu moja.

Lakini kabla ya kushindana na hewa nyepesi, helikopta ilibidi kwanza ijifunze kutulia, na historia hiyo inaanza na modeli.

Arthur Young, Mmarekani aliyehitimu Princeton mwaka 1927, alitumia miaka mingi akiunda helikopta ndogo za mota ya umeme huko Pennsylvania. Kila moja ilipaa kidogo, ikayumba, ikaanguka. Mwishowe alifunga ufito wenye vizito ncha zote mbili, chini ya mapanga na ukikatiza nayo. Ufito ukizunguka hung'ang'ania usawa wake hata mwili wa chombo ukiinama, na kwa hiyo huyarudisha mapanga mahali pake. Mwaka 1941 alionyesha modeli hiyo kwa kampuni ya Bell, ikamwajiri. Tarehe 8 Machi 1946 Bell 47, yenye ufito ule ule, ikawa helikopta ya kwanza duniani kuidhinishwa kwa matumizi ya kiraia. Kwa hiyo si haki kuiita modeli kitu cha kuchezea tu: ndiyo iliyoifundisha helikopta kubwa kutulia.

Hata hivyo, modeli za Young zilipata umeme kwa waya. Ndege ndogo za mabawa zilikuwa zikiongozwa kwa redio tangu miaka ya 1930, lakini helikopta ilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliojaribu walikuwa wakiipunguza helikopta halisi kama ilivyo, na hapo ndipo walipokwama, kwa sababu kitu kidogo huyumba haraka kuliko kidole kinavyoweza kukirekebisha. Mjerumani Dieter Schlüter alifaulu kwa kuweka vibapa kwenye ncha za ufito, kwa mtindo wa Stanley Hiller, mbunifu wa helikopta wa Marekani, hivi kwamba rubani anaviinamisha vibapa, navyo vinayaelekeza mapanga. Mapema miaka ya 1970 modeli yake ya helikopta ya kivita ya Huey Cobra ilikuwa ikiuzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani. Baadaye jairo, kifaa kinachohisi mzunguko, ikafungwa kuudhibiti mkia, na vidole vya rubani vikapata nafuu kubwa.

Injini za wakati huo zilikunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na mafuta ya kulainisha, mara nyingi ya nyonyo. Injini ya namna hiyo ikiletwa Eldoret hupoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake. Sindano ya kabureta lazima ikazwe kidogo ipunguze mafuta, la sivyo injini inabanwa na kutoa moshi mzito.

Mota za umeme na betri za lithiamu, zilizoenea miaka ya 2000, ziliondoa nusu ya shida. Mota haivuti hewa. Mapanga, hata hivyo, bado yanaihitaji. Modeli inayozungusha mapanga mara 2,800 kwa dakika pwani inahitaji takriban mara 3,100 hapa ili kuinua uzito ule ule bila kubadili mwinamo wa mapanga. Mvuto unaoyavuta mapanga kutoka kwenye kitovu huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na zinazoubeba ni boliti ndogo mbili tu. Mbunifu makini angechagua mapanga marefu au mapana zaidi badala ya kuongeza kasi. Si sawa kumuuzia mtu wa Eldoret modeli iliyopimwa ufukweni pekee.

Kwamba inawezekana kuruka kwenye hewa nyepesi, ushahidi upo mbali sana. Tarehe 19 Aprili 2021 Ingenuity, helikopta ya NASA yenye kilo 1.8, iliruka kwenye sayari ya Mars, ambako hewa ni kama asilimia moja ya ile ya duniani. Mapanga yake, yenye urefu wa mita 1.2 ncha hadi ncha, yalizunguka takriban mara 2,500 kwa dakika.

Anayetaka kujaribu hapa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, aanze kwa kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ambayo inasimamia vyombo visivyo na rubani kwa kanuni za mwaka 2020, kisha atafute uwanja ulio mbali na njia za ndege zinazotua kwenye uwanja wa kimataifa wa Eldoret.