Riwaya za maajabu na mafumbo kwa watoto

Riwaya za maajabu na mafumbo kwa watoto ni hadithi ndefu za kubuni zinazowafaa wasomaji wa miaka 9 hadi 13 hivi. Ndani yake hutokea mambo yasiyo ya kawaida, kama vile majini, wanyama wanaosema, miji iliyogeuka mawe au ungo unaoruka angani, au kuna siri ambayo mhusika mkuu anapaswa kuifumbua. Nchini Tanzania umri huo unalingana na madarasa ya juu ya shule ya msingi, kuanzia darasa la tatu hadi la saba.

Katika lugha ya Kiswahili hadithi za maajabu ni nyingi na za zamani, lakini riwaya zilizoandikwa moja kwa moja kwa ajili ya watoto wa umri huu ni chache. Kwa hiyo mwalimu, mzazi au mkutubi anayemchagulia mtoto kitabu hulazimika mara nyingi kuchukua tafsiri, au kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wazima ambacho mtoto anaweza kukifuata.

## Aina

Kwa kawaida vitabu hivi hugawanywa katika makundi matatu:

* Hadithi za maajabu, ambazo katika ulimwengu wake jini, mnyama anayesema au safari ya kwenda nchi isiyokuwepo ni mambo ya kawaida. Msomaji hatarajii kupewa maelezo ya kisayansi.
* Hadithi za mafumbo na upelelezi, ambazo huanza na tukio lisiloeleweka na kumalizika kwa maelezo. Mara nyingi watu wa kijijini hudhani kwamba pepo au mzimu umehusika, na mpelelezi huonyesha kwamba ni kazi ya binadamu.
* Hadithi za uchawi, ambazo humweka mchawi, mganga au hirizi katika mazingira ya kijiji au mtaa wa kawaida. Kundi hili ndilo linalohitaji uangalifu zaidi kwa watoto (tazama chini).

Baadhi ya vitabu huchanganya makundi hayo.

## Asili katika masimulizi

Chanzo cha kwanza cha hadithi hizi ni ngano na hekaya zilizosimuliwa kwa mdomo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Zanzibar, alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi alizozipata kwa wasimulizi wa Zanzibar. Miongoni mwake ni hadithi ya Sultani Darai, ambamo paa anayesema anamtajirisha maskini aliyemnunua, anamwozesha binti wa sultani na kumuua nyoka mwenye vichwa saba, kisha bwana wake anamsahau siku paa anapougua. Nyingine ni hadithi ya Sultani Majnuni, ambamo paka anaachwa aendelee kula mali za watu hadi anakuwa nunda mla watu, na mtoto mdogo wa sultani ndiye anayekwenda kumtafuta na kumuua. Hadithi hizo zimesimuliwa upya mara nyingi katika vitabu vya watoto.

Bara nako kuna hazina yake. Kwa mfano, katika kata ya Sepuka, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, wakazi wengi ni Wanyaturu (Warimi). Mtoto wa huko anaweza kusikia ngano za sungura, fisi na majitu kwa Kinyaturu nyumbani, kisha akakutana na Kiswahili cha vitabuni shuleni. Kwa mtoto wa namna hiyo kitabu cha maajabu kina faida maalumu: mpangilio wa hadithi anaujua tayari, kwa hiyo lugha mpya haimlemei sana.

## Tafsiri

Tafsiri za hadithi za kigeni ziliongezeka wakati wa utawala wa Waingereza. Frederick Johnson, aliyekuwa baadaye katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, alitafsiri riwaya kadhaa kwa ajili ya shule. *Kisiwa chenye Hazina* cha Robert Louis Stevenson na *Mashimo ya Mfalme Sulemani* cha Rider Haggard zilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1929. Wakati huohuo zilitolewa pia hekaya za *Alfu Lela Ulela*, ambazo baadhi ya visa vyake vilikuwa vinajulikana pwani tangu zamani. Miongo mingi baadaye tafsiri mpya ya hekaya hizo, iliyofanywa na Hassan Adam, ilichapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam.

Kitabu cha Lewis Carroll kuhusu msichana anayetumbukia katika shimo la sungura kimetafsiriwa zaidi ya mara moja. Tafsiri ya kwanza, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, ilifanywa na E. V. St. Lo Conan-Davies na kutolewa mwaka 1940. Katika michoro yake Elisi ni msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ilitolewa tafsiri nyingine, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, ya Ida Hadjivayanis, aliyetafsiri pia riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo *Peponi*.

*Mwana Mdogo wa Mfalme* ni tafsiri ya hadithi ya Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry kuhusu mtoto anayetoka katika sayari ndogo na kukutana na rubani jangwani. Ilifanywa na Philipp Kruse na Walter Bgoya.

## Riwaya zilizoandikwa kwa Kiswahili

### Shaaban Robert

Shaaban Robert (1909–1962) ndiye mwandishi wa kwanza mashuhuri wa maajabu katika nathari ya Kiswahili. *Adili na Nduguze* (1952) inaanza na fumbo: mjumbe wa mfalme anagundua kwamba Adili, mtawala mwema wa Janibu, huwachapa manyani wawili kila usiku ingawa moyo unamuuma. Mfalme anapotaka maelezo, Adili anasimulia kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya ubaya waliomtendea. Ndani ya masimulizi yake mna safari za baharini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na msichana mmoja aliyesalimika. Kisa kinafanana na hekaya mojawapo ya *Alfu Lela Ulela*, lakini mwandishi amekigeuza kuwa hadithi ya msamaha.

*Kusadikika* (1951) inahusu nchi inayoelea angani, na *Kufikirika*, iliyochapishwa baada ya kifo cha mwandishi, inahusu mfalme asiye na mrithi. Zote mbili zina sura ya hadithi ya maajabu, lakini kwa kweli zinajadili sheria, utawala na elimu. Kwa sababu hiyo husomwa zaidi katika sekondari.

### Muhammed Said Abdulla

Muhammed Said Abdulla (1918–1991) wa Zanzibar ndiye mwanzilishi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la Afrika ya Mashariki la 1957–1958 ikachapishwa mwaka 1960. Maiti inapatikana penye mzimu, mahali ambapo watu hupaogopa na kupapelekea sadaka. Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, akiwa na rafiki yake Najum, hakubali kwamba wafu ndio walioua. Anahoji, anapima na kulinganisha hadi ukweli unajulikana. Bwana Msa aliendelea kuonekana katika vitabu vingine, vikiwemo *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973) na *Siri ya Sifuri* (1974).

Vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya watoto. Vina mauaji, mambo ya ndoa na urithi, na Kiswahili chake cha Zanzibar kina misemo mingi. Hata hivyo vimesomwa na vizazi vya wanafunzi.

### Waandishi wa baadaye

*Mirathi ya Hatari* (1977) ya C. G. Mung'ong'o inamhusu kijana anayerithishwa uchawi na baba yake na matatizo yanayofuata. Ni riwaya fupi lakini nzito, na inawafaa vijana zaidi kuliko watoto.

*Marimba ya Majaliwa* (2008) ya Edwin Semzaba, iliyochapishwa na E & D Vision Publishing, ni mfano muhimu wa riwaya ya maajabu iliyoandikwa hasa kwa ajili ya watoto na vijana. Majaliwa, kijana mpiga marimba, anapitia sehemu nyingi za Tanzania katika safari yake, na ungo, ambao katika imani za watu ni chombo cha wachawi cha kusafiria usiku, unakuwa usafiri wa vituko. Msomaji anajifunza jiografia ya nchi yake bila kuhisi kwamba yuko darasani.

## Maajabu na imani ya uchawi

Katika nchi nyingi za Ulaya mchawi wa vitabuni ni mhusika wa kubuni tu. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi huamini kwamba uchawi upo, na imani hiyo imewahi kuua. Nchini Tanzania tuhuma za uchawi zimesababisha mauaji ya wazee, hasa wanawake, na biashara ya ushirikina imesababisha mauaji ya watu wenye ualbino. Mkoani Singida kuna kumbukumbu ya pekee: katika miaka ya 1940 mauaji mengi yalidaiwa kufanywa na "watu-simba", na serikali ya kikoloni ilifanya uchunguzi na kuendesha kesi. Mtoto wa Sepuka anayesoma juu ya mtu anayegeuka simba huenda amesikia kisa kama hicho kutoka kwa babu yake, kikisimuliwa kama jambo lililotokea.

Kwa hiyo swali muhimu juu ya kitabu ni kama kinamwelekeza msomaji amshuku jirani yake. Katika *Adili na Nduguze* jini huwaadhibu wakosaji ambao makosa yao yanajulikana, na hakuna anayetuhumiwa kwa kuwa mzee, maskini au mwenye macho mekundu. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* hofu ya mzimu ndiyo inayomsaidia mhalifu kujificha, na anayeuliza maswali ndiye anayeutoa ukweli. Vitabu vya aina hizo mbili humpa mtoto maajabu na hofu ya kusisimua bila kuthibitisha tuhuma dhidi ya watu halisi. Kitabu ambamo bibi kizee anakuwa mchawi kwa sababu tu ya sura yake hufanya kinyume chake, na kikisomwa kinahitaji kujadiliwa na mtu mzima.

## Uteuzi kwa umri

Mpangilio ufuatao ni wa makadirio, kwa sababu uwezo wa kusoma hutofautiana kati ya mtoto na mtoto:

* Miaka 9–10: ngano za Sultani Darai na Sultani Majnuni zilizosimuliwa upya kwa lugha ya leo, *Mwana Mdogo wa Mfalme*. Vinafaa kusomwa kwa sauti, sura moja kwa siku.
* Miaka 10–12: *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, *Marimba ya Majaliwa*, *Kisiwa chenye Hazina*, visa vilivyochaguliwa kutoka *Alfu Lela Ulela*, kwa kuwa si vyote vinavyofaa watoto.
* Miaka 12–13: *Adili na Nduguze*, pamoja na kamusi, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kwa msaada wa mtu mzima.
* Baadaye: *Kusadikika*, *Kisima cha Giningi*, *Mirathi ya Hatari*.

Riwaya za upelelezi za mijini zilizoenea miaka ya 1970 na 1980, kama zile za Elvis Musiba, ni za watu wazima.

## Upatikanaji

Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 ili kupunguza uhaba wa vitabu vya Kiswahili. Mradi huo ulinunua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzipeleka shuleni, hivyo mchapishaji hakuogopa hasara. Vitabu vingi vilivyopatikana kwa njia hiyo vilikuwa vifupi na vyenye picha. Mradi wa mtandaoni wa African Storybook nao hutoa bure hadithi fupi kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika. Pengo linabaki kati ya kitabu cha picha chenye kurasa chache na riwaya ya watu wazima.

Pengo hilo lina athari kwa sababu ya muda. Shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto ambaye hajapata riwaya ya kumvutia kabla ya kumaliza darasa la saba anaweza kuingia kidato cha kwanza bila kuwahi kumaliza kitabu kirefu katika lugha anayoielewa vizuri.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, iliongeza baadaye kundi la hadithi za watoto.

## Tazama pia

* Fasihi ya watoto
* Ngano
* Riwaya ya upelelezi
* Shaaban Robert
* Wanyaturu
* Wilaya ya Ikungi