Baruti, Fataki na Risasi Katika Njia za Bara

Waandishi wa historia ya Afrika ya Mashariki wamezoea kuhesabu bunduki. Katika mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Kiingereza katika Unguja, alikisia kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zingeingia bara kutoka pwani kwa mwaka, na kisio hilo limenakiliwa kitabu hata kitabu. Lakini bunduki ni chuma na ubao tu. Mwenye bunduki asiye na baruti hana tofauti na mwenye rungu, tena rungu refu lisiloshikika vema. Bunduki moja yaweza kurithiwa na mwana kutoka kwa babaye; baruti hutumika mara moja ikawa moshi. Kwa hiyo shughuli kubwa ya machifu, wafanya biashara na wawindaji wa ndovu wa karne ya 19 haikuwa kuipata silaha, bali kuilisha.

Yapasa kufahamu chakula chake kilikuwa nini. Baruti ni shura, makaa na kiberiti, vilivyosagwa na kuchanganywa kwa kipimo. Makaa yapo kila mahali. Shura safi na kiberiti havipo, na baruti njema ilitoka ng'ambo. Risasi ilikuwa rahisi kuliko vyote, kwani mhunzi wa bara aliweza kufua kipande cha chuma au shaba kikaingia katika kasiba, ijapokuwa kwa hasara ya kasiba yenyewe. Kisha palitakiwa kitu cha kuwashia. Bunduki za kale ziliwaka kwa jiwe la gumegume. Zile zilizofuata zilitaka fataki, nayo ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, ambacho mhunzi wa kijijini, hata awe hodari namna gani, hawezi kukiiga. Hapo ndipo bara ilipofungwa kamba na pwani, na pwani na Ulaya. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kuchukua bunduki za kujaziwa nyuma, Waingereza na Wafaransa wote wawili katika mwaka 1866, yale makorofindo yao ya zamani yalitafutiwa wanunuzi wengine, na Afrika ikawa soko lake.

Wenye dola walilijua jambo hili mapema. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani, uliotiwa sahihi Maskati mwaka 1833, uliwapa wafanya biashara wa Kimarekani uhuru wa kuuza mali yao kwa yeyote, ila bunduki, baruti na risasi: hizo katika kisiwa cha Unguja zisiuzwe ila kwa serikali. Katika bandari nyingine za Sultani ziliuzwa kwa mwenye bei ya juu bila kizuizi. Msomaji atauona ujanja wa sharti hili, na udhaifu wake pia. Mtawala aliulinda mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaiacha mrima wazi.

Katika bara hakuna aliyeonyesha thamani ya baruti waziwazi kama Mirambo wa Urambo. Katika mwaka 1871 alizuia msafara wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji. Stanley, aliyekuwako Unyanyembe wakati ule, ameandika aliyoyataka: vipipa vitano vya baruti, bunduki tano, na marobota matano ya nguo. Baada ya mabishano ya kutwa nzima akalipwa. Kisha akawaambia warudi walikotoka. Kupita kwa nguo na shanga peke yake ndiyo iliyokuwa ada ya hongo tangu zamani. Hongo ya Mirambo ilikuwa ya namna nyingine, maana ilimpunguzia adui nguvu na kumwongezea yeye kwa tendo moja. Waarabu wakamwendea kwa vita, na mnamo Agosti mwaka huo huo Mirambo akaingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah akauawa. Hapana shaka kwamba baruti iliyopigiwa siku ile, ya pande zote mbili, ilikuwa imepanda kutoka pwani vichwani mwa wapagazi wa njia moja.

Kuweka akiba ya baruti hakukuwa kazi nyepesi. Baruti hunyonya maji ya hewa. Masika moja katika nyumba ya udongo yatosha kuifanya tope. Tena yahofia moto, na nyumba zilikuwa za nyasi. Na desturi ya safari ilikuwa kuila akiba hiyo kwa furaha: msafara haukuingia mjini kimya, ulipiga mizinga ya salamu, na wenyeji wakajibu. Stanley aliingia Ujiji hivyo. Mtu aweza kuuona ni ubadhirifu, lakini milio ile ilimwambia kila asikiaye kwamba hawa wanayo baruti ya kutupa.

Mataifa ya Ulaya nayo yakaja na sheria. Tarehe 2 Julai 1890, katika mji wa Brussels, yalipatana kuzuia silaha na baruti zisiingie Afrika baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na zile zitakazoruhusiwa ziwekwe katika ghala za serikali. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na si sababu ya uwongo. Lakini hebu tazama kilichoachwa: gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, na baruti duni ya biashara. Mwafrika aliruhusiwa kuwinda. Kupigana na aliyetunga sheria hakuruhusiwa.

Wahehe walishinda jeshi la Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, wakateka bunduki mpya nyingi. Bunduki hizo zilitaka risasi za kopo zao wenyewe, ambazo hazikununuliwa mahali popote Uhehe, na kila iliyopigwa ilipunguza hesabu isiyojazwa tena. Miaka 14 baadaye, watu wa Umatumbi walipoinuka, ahadi waliyokuwa nayo haikuhusu bunduki wala baruti. Ilihusu risasi ya Mdachi, kwamba itageuka maji. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na vita vikaendelea kusini mpaka mwaka 1907, makorofindo yakipigwa pale palipokuwa na baruti, na mikuki pale ilipokwisha.