Risasi isiyo na risasi

Risasi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kwanza ni jina la madini: yale laini na mazito ambayo wanakemia huyapa alama ya Pb. Ndiyo maana penseli huitwa pia kalamu ya risasi, ingawa ndani yake mna grafiti iliyochanganywa na udongo. Bunduki ziliporusha vipande vya madini hayo, jina likahamia kwenye kinachofyatuliwa.

Leo mzigo wa neno umezidi. Chukua mwindaji wa Marekani mwenye Ruger American, bunduki ya bei nafuu iliyoingia sokoni mwaka 2012. Ananunua boksi mbili za risasi za .308 Winchester: moja ya vichwa vya gramu 9.7 hivi, nyingine vya gramu 11.7. Anapiga tatu tatu kwenye karatasi iliyo yadi 100, anaacha mtutu upoe, kisha anapima umbali wa matundu yaliyoachana zaidi. Boksi moja huweza kukusanya matundu, nyingine ikayatawanya, kwa kuwa kila mtutu hutikisika tofauti kwa kila aina.

Hapo "risasi" ni kitu kizima: ganda, fataki, baruti na kichwa.

Tangu Julai 1, 2019, California imekataza uwindaji kwa risasi zenye madini ya risasi. Wengi hutumia vichwa vya shaba. Mwandishi atakayeripoti habari hiyo na aandike "madini ya risasi" na "kichwa cha risasi", msomaji asipotee.