Kuwamba kitambaa cha uchoraji
Kuwamba kitambaa cha uchoraji ni kukivuta na kukikaza kwenye fremu ya mbao, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Misumari hupigiliwa kwanza katikati ya pande zinazokabiliana, kisha kuelekea kwenye pembe, ili kitambaa kisijikunje. Kikilegea, jambo linaloweza kutokea penye hewa ya unyevu kama pwani ya Tanga, rangi iliyokauka huweza kupasuka.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, alichorea mbao za ujenzi za nyuzi zilizoshindiliwa (hardboard). Wafuasi wake waliingia pia kwenye kitambaa, kwa kuwa mnunuzi anaweza kukitoa kwenye fremu, kukiviringisha, kusafiri nacho na kukiwamba upya afikapo.