Zimwi Lisemalo Kiswahili: Uandishi na Uelekezaji wa "The Man Trap" (1966)

Utangulizi

Usiku wa tarehe 8 Septemba, 1966, shirika la televisheni la NBC la Marekani lilianza kuonyesha Star Trek, mfululizo wa michezo ya sayansi ya kubuni ulioasisiwa na Gene Roddenberry. Mchezo wa kwanza kuonyeshwa uliitwa "The Man Trap", yaani mtego wa binadamu. Watazamaji wengi huukumbuka kwa sababu ya zimwi lake linyonyalo chumvi katika miili ya watu. Mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, ana sababu nyingine ya kuukumbuka: kwa muda mfupi Kiswahili kinasemwa humo ndani ya chombo cha anga, katika karne zijazo, mbali sana na pwani kilikozaliwa. Makala haya yanachunguza jinsi mchezo huo ulivyotungwa na kuelekezwa, kwa nia ya kuonyesha kazi ambayo lugha hii ilipewa, na utata uliomo katika kazi hiyo.

Mtunzi na Mswada

Mswada uliandikwa na George Clayton Johnson, aliyekuwa amekwisha kujijengea jina kwa michezo yake katika mfululizo wa The Twilight Zone. Suala la sura bandia halikuwa geni kwake. Hadithi yake moja, ihusuyo mtu awezaye kubadili uso wake apendavyo, ilikuwa imegeuzwa na Rod Serling kuwa mchezo ulioonyeshwa tarehe 1 Januari, 1960. Katika "The Man Trap" Johnson alilirudia wazo hilo na kulitia jambo jipya: kiumbe ajigeuzaye ni wa mwisho wa kabila lake, na hujigeuza kwa sababu ya njaa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Tabibu McCoy na Nahodha Kirk wanashuka katika sayari moja kuwapima afya mtaalamu wa mambo ya kale, Robert Crater, na mkewe Nancy, ambaye McCoy alimpenda zamani. Kumbe Nancy halisi amekwisha kufa. Aliuawa na zimwi, nalo likatwaa umbo lake. Crater anaijua siri hiyo na anaificha. Hoja yake ni kwamba zimwi hilo ni kama nyati wa Marekani, waliotapakaa mbugani kwa mamilioni hata wakakaribia kwisha. Mwishoni McCoy analazimika kuua kitu chenye sura ya mpenzi wake, na Kirk anabaki akiwawaza nyati. Roddenberry aliufanyia mswada marekebisho kabla ya kupigwa picha, lakini huruma hiyo kwa adui ilibaki, nayo ndiyo iliyouepusha mchezo huu na uhafifu wa vitisho vitupu.

Kazi ya Mwelekezaji

Mchezo ulielekezwa na Marc Daniels, mtu aliyekulia katika michezo ya jukwaani na aliyekuwa ameelekeza vipindi vya mwanzo vya kichekesho I Love Lucy. Tatizo lililomkabili lilikuwa hili: mtazamaji ataelewaje kwamba watu watatu wanamtazama mwanamke mmoja na kila mmoja anamwona wake? Daniels hakutegemea mitambo ya ajabu. Aliikata picha na kuihamisha kutoka jicho hadi jicho. McCoy anamwona Nancy kijana, kama alivyokuwa miaka mingi nyuma. Kirk anamwona mama mwenye mvi. Naye baharia Darnell anamwona msichana mwingine kabisa. Umbo halisi la zimwi, lililobuniwa na fundi Wah Chang, likaachwa lidhihirike mwishoni.

Mbinu hiyo hiyo ndiyo inayotawala mandhari ya Uhura. Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, alichezwa na Nichelle Nichols, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Robbins, Illinois. Mapema katika mchezo anajaribu kuzungumza na Spock maneno ya kirafiki, lakini anajibiwa kwa ukavu. Baadaye, akiwa peke yake ushorobani, anakutana na baharia Mweusi asiyemjua, aliyechezwa na Vince Howard. Baharia anamwambia kwamba alikuwa akimfikiria mtu kama yeye, kisha anamsemesha kwa Kiswahili. Uhura anajibu kwa furaha, na macho yake yanatekwa. Mkono unamkaribia. Kinachomwokoa ni mwito wa kazi unaomtaka arudi kwenye chumba cha usukani.

Jina na Lugha

Jina la Uhura lina historia yake. Kwa maelezo ya Nichols mwenyewe, alikwenda kuomba kazi hiyo akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962 na kuhusu Kenya iliyokaribia kujitawala. Roddenberry alilipenda neno hilo, nalo likageuzwa kidogo ili lilainike. Yafaa kuzingatia badiliko hilo. Neno uhuru lina asili ya Kiarabu, nalo limeingia katika ngeli ya nomino za dhahania. Irabu -a iliyowekwa mwishoni inaashiria jinsia ya kike kwa sikio la Mzungu, lakini Kiswahili hakitofautishi kike na kiume kwa irabu ya mwisho. Hivyo neno ambalo miaka mitatu tu kabla ya hapo lilivuma katika viwanja vya Nairobi lilipewa vazi la sarufi ya wengine.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuliona jambo hili kama kejeli. Mwaka huo huo wa 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba, na istilahi zake akazichukua katika Kiswahili. Kwa Wamarekani Weusi, waliopokonywa lugha za mababu zao, Kiswahili kilikuwa njia ya kudai asili na heshima. Mtazamaji aliyemwona mwanamke Mweusi akiwa afisa, na kusikia akisema lugha ya Kiafrika bila haya, aliona jambo adimu katika televisheni ya siku hizo. Aidha, mchezo wa majaribio uliopigwa picha kabla ya huu, na ambao Uhura hayumo, ulionyeshwa baadaye, tarehe 22 Septemba. Kama ungetangulia, nchi ingekiona chombo kile kwanza bila yeye.

Utata unabaki palepale. Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika mchezo huu methali imepinduliwa, kwa kuwa kule kujua ndiko kunakoua. Zimwi limesoma upweke wa Uhura na kugundua kwamba mlango wake hufunguliwa kwa lugha ya kwao. Mzungumzaji wa kwanza wa Kiswahili katika mfululizo huo, basi, si mtu. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba, 1967, Daniels huyo huyo alielekeza "The Changeling", mchezo wa John Meredyth Lucas, ambamo Uhura anafutwa kumbukumbu na kufundishwa kusoma upya. Akikwama, hutoka Kiswahili, na muuguzi humrudisha kwenye Kiingereza. Mara ya kwanza lugha ilikuwa chambo. Mara ya pili ilikuwa kikwazo cha kurekebishwa.

Hitimisho

Johnson na Daniels hawakukusudia kuandika juu ya Kiswahili. Walikusudia kuandika juu ya njaa na udanganyifu, na walifaulu. Lakini walipohitaji sauti ya nyumbani kwa mwanamke Mweusi, walichukua lugha yenye wenyewe, wakaitumia kuliwakilisha bara zima, na mazungumzo hayo yakakatizwa kabla hayajafika popote. Uhura hakupata mtu wa kweli wa kusema naye. Kumtungia mtu huyo ni kazi ya watunzi wa Kiswahili, ambao wameandika kwa wingi juu ya jana na leo, lakini kwa uchache juu ya kesho.