Kasuku wa kijivu na funzo la simbamarara wa Tasmania

KASUKU wa kijivu, ndege wa mkia mwekundu aigaye sauti ya binadamu, hana udugu na simbamarara wa Tasmania, mnyama wa Australia aliyebeba watoto mfukoni. Kinachowaunganisha ni madhila waliyotendewa na binadamu.

Simbamarara huyo aliwindwa kwa madai ya kuua kondoo. Kati ya 1888 na 1909, serikali ya Tasmania ililipa wawindaji zawadi kwa zaidi ya wanyama 2,000. Amri ya kumlinda ilitolewa Julai 10, 1936. Siku 59 baadaye, wa mwisho ajulikanaye alikufa katika bustani ya wanyama mjini Hobart.

Kwa kasuku, mdomo ndio ulioponza kichwa. Hunaswa ili auzwe, huku miti mikubwa yenye mashimo anamotagia ikikatwa. Nchini Ghana, utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba idadi yake ilipungua kwa asilimia 90 au zaidi tangu 1992. Mwaka huo huo, mkataba wa CITES uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa mwituni. Nchini Kenya, wachache mno wamesalia katika msitu wa Kakamega.

Kwa hivyo, mkazi wa Soweto Mashariki, Kibera, anayetaka kufuga kasuku tunduni sharti apate kibali cha KWS, iliyo jirani barabara ya Lang'ata, kulingana na sheria ya wanyamapori ya 2013. Simbamarara alilindwa akiwa ameshakwisha. Kasuku angali hai.