Briketi za mabaki ya shamba: nini ya kuchoma, nini ya kuacha

Briketi ni kuni za mabaki ya shamba yenye kukandamizwa, zenye kutumiwa pa nafasi ya makala. Katika Goma na vijiji vya pembeni, makala mingi hutoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, hata kama sheria inakataza kukata miti mule. Baada ya gorila kuuawa kule mwaka 2007, wasimamizi wa hifadhi walieneza mashini za mkono ili wakaaji wajitengenezee briketi.

Mabaki yanakatwa vidogo-vidogo, yanalowekwa mpaka yalegee, yanachanganywa na karatasi za zamani, yanakamuliwa, kisha yanaanikwa kwa jua. Briketi isiyokauka muzuri inajaza nyumba moshi.

Lakini si kila kitu chenye kubaki ku shamba ni takataka. Pumba za mpunga, maganda ya kahawa na unga wa mbao, vyenye kurundikana kando ya mashini, vinafaa. Mabua ya mahindi na majani ya maharagi ni kitu kingine: yanakinga udongo na mvua, yanaoza kuwa mbolea, tena mbuzi na ng'ombe wanayakula. Mwenye kuyaondoa yote kila msimu, mavuno yake yatapunguka.

Unga wa muhogo pia unagandisha briketi, lakini ule ni bugali ya watoto. Karatasi yenye kulowekwa inatosha.

Na majivu ya mbabula? Yarudishwe ku shamba.